Ng'ombe Mlezi na Maziwa ya Kaya

Kaya inayofuga ng'ombe mmoja au wawili hulazimika kila asubuhi na kila jioni kujibu swali ambalo mwenye kundi kubwa halimkabili kwa ukali uleule, nalo ni swali la nani anywe kwanza: mtoto wa nyumbani, mnunuzi anayesubiri na chupa yake, au ndama. Swali hilo huzidi ugumu pale ndama mwenye njaa anapokuwa hana mama. Ng'ombe mlezi, kwa maana itakayotumika hapa, ni ng'ombe aliyezaa na ambaye hunyonyesha ndama asiyemzaa, ama pamoja na ndama wake mwenyewe, ama mahali pa ndama wake aliyekufa. Ni kawaida kumzungumzia kana kwamba ulezi huo ni upole aliojaliwa tu, na kwamba bahati ya mfugaji ni kumpata ng'ombe wa tabia hiyo. Upole upo, wala haupaswi kudharauliwa. Lakini katika kaya ndogo ulezi wa ng'ombe ni kwanza uamuzi wa watu, kwa sababu kila lita inayoingia kinywani mwa ndama yatima imetolewa kwenye sufuria ya mtu fulani, na kaya isiyojiuliza mtu huyo ni nani itamlea ndama kwa kumnyima mwingine asiye na sauti.

Isongole, ile ya Wilaya ya Ileje na si ile ya Rungwe yenye jina hilohilo, ni mahali ambapo hesabu hiyo huonekana waziwazi. Iko katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, karibu na Itumba yalipo makao ya wilaya, na mpaka wake na Malawi ni Mto Songwe, ambao ng'ambo yake kuna Chitipa na ndugu wengi wa Walambya na Wandali wa upande huu. Barabara inayotoka Mpemba, jirani na Tunduma, imeusogeza mji huo wa mpakani, wenye malori yake na walaji wake wengi, karibu zaidi na vilima hivi, na kwa hiyo maziwa ambayo zamani yaligandishwa kwa ajili ya wa nyumbani leo yana bei. Ardhi ya kulima ni ya miteremko, malisho ya wazi ni machache, na ng'ombe wa kaya nyingi za namna hii hufungwa kamba pembezoni mwa shamba au hukaa bandani akiletewa majani: mabingobingo yaliyopandwa kwenye kingo za makinga maji, mabua ya mahindi baada ya mavuno, na pumba inapopatikana. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Ng'ombe aliyezaa Januari na ng'ombe aliyezaa Agosti hawako katika dunia moja, hata wakiwa wa zizi moja.

Yatima katika zizi hupatikana kwa njia nyingi, na baadhi yake zimeongezeka kwa sababu ya maendeleo yenyewe ya ufugaji. Ng'ombe chotara, yaani aliyetokana na kupandisha ng'ombe wa asili mwenye nundu na damu ya Friesian au Ayrshire, hutoa maziwa mengi kuliko bibi yake, lakini pamoja na maziwa hayo huja hatari ya homa ya maziwa, ugonjwa ambao, licha ya jina lake, mara nyingi hulishusha joto la mwili badala ya kulipandisha, na ambao hutokea mara tu baada ya kuzaa, kalisi ya damu inapokimbilia kwenye kiwele kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuirudisha, hata ng'ombe akalala chini na kushindwa kuinuka. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huwaua chotara kwa urahisi kuliko ng'ombe wa asili waliokulia kwenye kupe hao. Kuna uzazi mgumu wa mtamba aliyepandishwa na dume mkubwa mno kwa mwili wake. Kuna mtamba anayemkataa mzaliwa wake wa kwanza na kumpiga teke kila anapokaribia. Kuna kiwele kilichoharibiwa na uvimbe hata robo mbili kati ya nne zikakauka. Na kuna mapacha, ambao mama mwenye maziwa haba hawezi kuwatosheleza. Juu ya mapacha, mfugaji anapaswa kujua jambo moja kabla hajajifunga mkanda kuwalea: ndama jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa katika sehemu kubwa sana ya matukio, zaidi ya tisa kati ya kumi, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni, na kumlea kwa matumaini ya mtamba ni kuyapoteza maziwa kwa ahadi ambayo mwili wake hauwezi kuitimiza.

Kabla ya mlezi kuna dang'a. Dang'a ni maziwa ya kwanza, mazito na ya rangi ya njano, yanayotoka baada ya kuzaa, na umuhimu wake kwa ndama ni mkubwa kuliko kwa mtoto wa binadamu, kwa sababu kondo la ng'ombe haliruhusu kinga za mama kupita kwenye damu ya kichanga chake. Ndama huzaliwa akiwa hana silaha yoyote ya mama yake, na ukuta wa utumbo wake huzipokea kinga hizo nzimanzima kwa saa chache tu, vizuri zaidi ndani ya saa sita za mwanzo, kisha hufunga mlango huo karibu kabisa ifikapo saa ya ishirini na nne. Mlezi aliyezaa mwezi uliopita ana maziwa lakini hana tena dang'a. Kwa hiyo mama aliyekufa akizaa, au aliyelala kwa homa ya maziwa, akamuliwe dang'a yake hata akiwa katika hali hiyo ikiwa bado inatoka, au ndama apelekwe haraka kwa ng'ombe wa jirani aliyezaa siku hiyohiyo. Na kaya inayoingoja asubuhi ili ione kwanza kama ndama ataishi, imekwisha kuamua kwamba hataishi.

Baada ya hapo ndipo huanza kazi ya kumkubalisha ng'ombe mgeni wake, na hapa maarifa ya wafugaji na maarifa ya maabara yamekutana kwa namna ya kustaajabisha. Ng'ombe humjua mwanawe kwanza kwa harufu na ladha. Katika saa za mwanzo baada ya kuzaa humlamba, huyameza maji ya uzazi yaliyomfunika, na wakati huohuo njia ya uzazi iliyopanuliwa na kichwa na mabega ya ndama hupeleka habari kwenye ubongo, ambao hutoa homoni iitwayo oksitosini, kemikali ya mwili inayofungua mlango wa mapenzi ya uzazi na ambayo pia hukamua vifuko vya maziwa ndani ya kiwele ili maziwa yashuke. Mlango huo haukai wazi muda mrefu. Mgeni anayeletwa siku hiyohiyo, akiwa amepakwa maji ya uzazi ya mama mlezi kabla hajamaliza kumlamba mwanawe, ana nafasi nzuri ya kupokewa kama pacha. Mgeni anayeletwa wiki ya tatu hukuta mlango umefungwa, na mfugaji hubaki na njia za subira na za hila.

Hila mojawapo iliyo kongwe ni ya ngozi. Ndama wa mlezi akifa, ngozi yake huchunwa na kuvalishwa yatima kwa siku kadhaa, hadi harufu ya maziwa ya mlezi ipite tumboni mwa yatima na kumpa harufu mpya. Ndipo ngozi, ambayo kwa wakati huo imeanza kunuka vibaya, huondolewa. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu Wanueri wa Sudan Kusini ya leo, alieleza jinsi ngozi ya ndama aliyekufa ilivyojazwa majani na kuwekwa mbele ya mama ili akubali kukamuliwa, jambo lenye maana kubwa kwa ng'ombe wa nundu, ambao wengi wao hawashushi maziwa pasipo ndama kuwapo. Wafugaji wa jamii mbalimbali za bonde la Nile na Afrika Mashariki walikuwa pia na desturi ya kumpulizia ng'ombe hewa ukeni ili ashushe maziwa, desturi ambayo wageni wengi waliiandika kama kioja. Miaka ya 1980 watafiti wa kondoo huko Ulaya walionyesha kwamba kuisisimua njia ya uzazi ya jike aliyekwisha kuanza kukaa na mwanawe humfanya akubali mwanakondoo wa kigeni aliyekuwa akimkataa muda mfupi kabla. Kioja kilikuwa ni fiziolojia, na waliokuwa wakiitenda waliijua kwa matokeo yake miaka mingi kabla haijapata jina.

Pale ambapo ndama wa mlezi yu hai, njia nyepesi ni kuwaleta wawili kwa pamoja. Ndama wa haki hunyonya akiwa amesimama sambamba na mama yake, kichwa kikielekea nyuma, hivyo mama hugeuza shingo na kumnusa mkia. Yatima mwerevu hujifunza upesi kuja kutoka nyuma, katikati ya miguu ya nyuma, mahali pua ya mlezi haifiki, na kunyonya wakati maziwa yameshushwa kwa ajili ya mwingine. Mfugaji huweza kumsaidia kwa kumfunga mlezi kichwa akila pumba, na ikibidi kumfunga miguu ya nyuma asipige mateke, mara mbili kwa siku, kwa wiki moja au mbili. Kifungo hiki kina mpaka. Hofu humwaga adrenalini mwilini, na adrenalini huzuia oksitosini kufanya kazi, kwa hiyo ng'ombe anayepigwa fimbo ili anyonyeshe hana maziwa ya kutoa hata kama kiwele kimejaa. Na baada ya siku nyingi za vita, ni haki kwa mnyama na ni busara kwa mwenyewe kukubali kwamba huyu hakuumbwa kuwa mlezi. Ukatili haupati maziwa, wala hauwezi kutetewa kwa huruma aliyonayo mtu kwa yatima.

Inaweza kuulizwa kwa nini kaya ijitaabishe hivyo ilhali ndama aweza kufundishwa kunywa kwenye ndoo kwa kuchovya vidole vya mlishaji katika maziwa. Ndoo ni njia halali, na mara nyingi ndiyo pekee. Lakini kunyonya si kumeza tu. Ndama anaponyonya kichwa kikiwa kimeinuka, mfereji uliomo mwishoni mwa umio hujifunga kama bomba na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne, ambalo ndilo linaloweza kuyayeyusha akiwa mchanga. Anapoyafakamia kwenye ndoo iliyowekwa chini, sehemu ya maziwa huweza kuangukia tumbo la kwanza, yakachacha na kumletea kuhara. Hamu ya kunyonya isiyotimizwa na ndoo huwafanya ndama wanyonyane masikio na vitovu. Zaidi ya hayo, ndoo inahitaji maziwa ya uvuguvugu, chombo kilichooshwa kwa maji ya moto, na mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa saa zilezile kila siku, na kila anayezifahamu kaya za vijijini anajua mtu huyo, pamoja na maji na kuni zake, ni nani.

Hesabu ya maziwa yenyewe ni ngumu. Ndama wa kilo 30 huhitaji, kwa kipimo cha kawaida cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, lita 3 hivi kwa siku, na akiachiwa anyonye atakavyo hunywa zaidi. Ng'ombe wa asili wa nyanda hizi hutoa kati ya lita 1 na 3 kwa siku; huyo amlee wake tu, na anayemwongezea yatima anawaua wawili taratibu. Chotara anayelishwa vyema na kutoa lita 8 anaweza kuwabeba ndama wawili na kuiachia nyumba lita 2, ilimradi majani yawepo na maji ya kunywa yasikose, maana maziwa kwa sehemu kubwa ni maji. Waswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye, wakimaanisha kwamba mzazi haelemewi na mzigo wa mwanawe. Methali hiyo ni ya kweli kwa nundu aliyozaliwa nayo, lakini haikusema chochote kuhusu nundu ya mwenzake, na mfugaji anayeitumia kama leseni ya kumwelemeza mlezi hajaisikiliza vizuri. Dalili za kuelemewa huonekana mapema kwa anayetazama: mifupa ya nyonga ya mlezi huchomoza, chuchu hupata michubuko, ndama mwenye nguvu humsukuma mnyonge, na yule mnyonge, ambaye si lazima awe yatima, husimama na manyoya yaliyonyooka na mgongo uliopinda.

Ipo gharama nyingine ambayo haionekani kwenye ndoo, na ndiyo ambayo wengi huisahau. Kunyonywa, hasa kunyonywa mara kwa mara na ndama zaidi ya mmoja, hukichelewesha kizazi cha ng'ombe kurudi kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume inayojirudia kila baada ya siku 21 hivi. Ng'ombe anayetakiwa kuzaa kila mwaka, na mimba yake ni ya miezi tisa na ushei, hana budi kushika mimba ndani ya miezi mitatu tangu azae; mlezi aliyekonda kwa kunyonyesha wawili aweza kupitisha nusu mwaka au zaidi bila kuonyesha joto. Katika kundi kubwa ucheleweshaji huo humezwa na wingi. Kwa kaya yenye ng'ombe mmoja maana yake ni kwamba mwakani kutakuwa na miezi isiyo na maziwa kabisa, na mtoto atakayezaliwa mwaka huo atakuwa amelipa deni la ndama aliyenyonya kabla yake. Wafugaji wenye uzoefu hupunguza madhara haya kwa kuwatenga ndama na kuwaruhusu kunyonya mara mbili tu kwa siku, baada ya kukamua, ambapo wao humalizia maziwa ya mwisho yenye mafuta mengi kuliko yale ya mwanzo, na kiwele kinachomalizwa hivyo hupata uvimbe kwa nadra zaidi. Kuanzia wiki ya pili ndama huwekewa majani laini na pumba ili tumbo la kwanza lianze kazi, na kufikia mwezi wa tatu mzigo wa mlezi unaweza kushushwa.

Mpaka nao una neno lake. Pale ambapo ndugu wako ng'ambo zote mbili za Mto Songwe, ni jambo la kawaida kufikiri kwamba ndama yatima wa shangazi wa upande wa pili aletwe kwa ng'ombe wa upande huu. Ndama huja na kupe wake na kuhara kwake, na mlezi naye anaweza kumpa ndama, kwa maziwa, ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza hata binadamu wanaokunywa maziwa mabichi. Kumwuliza mtaalamu wa mifugo wa kata kabla ya kuwakutanisha wanyama wa mazizi mawili si kumkosea ndugu heshima.

Umuhimu wa mlezi katika kaya za aina hii umeongezwa na namna ng'ombe wa kisasa walivyoenea Tanzania tangu miaka ya 1970, kwa utaratibu uitwao kopa ng'ombe lipa ng'ombe: kaya hupewa mtamba pasipo kutoa fedha, na hulipa kwa kumtoa ndama jike wa kwanza apewe kaya nyingine. Shirika la Heifer, ambalo ndilo lililoutangaza sana utaratibu huo, lilianzishwa na Mmarekani Dan West, aliyekuwa akiwagawia watoto maziwa ya msaada wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na akaona kwamba kikombe kimoja kimoja hakitoshi. Mitamba yake ya kwanza ilisafirishwa kwenda Puerto Rico mwaka 1944. Chini ya utaratibu huo ndama jike wa kwanza hunyonya akiwa tayari ana mwenyewe mwingine. Mama yake akifa, kifo cha ndama huyo huwa ni hasara ya kaya ambayo bado haijawahi kupata ng'ombe, na ambayo huenda imekwisha kujenga banda na kupanda mabingobingo ikimngoja. Hapa ulezi hauwezi kuachwa uwe jambo la huruma ya mwenye ng'ombe pekee, kwa kuwa anayesubiri ana haki, na mwenye haki ana wajibu.

Ndiyo maana makubaliano yafaa kuzungumzwa siku yatima anapoletwa, wala si siku mlezi anapokonda. Mwenye ndama alete majani na pumba ya mlezi kwa muda wote wa kunyonyesha, si kama zawadi bali kama sehemu ya maziwa anayoyachukua; achangie gharama ya dume au ya mbegu za mrija iwapo joto litachelewa; na ndama akifa licha ya juhudi, asimdai mwenye mlezi. Mazungumzo hayo yasifanywe na wanaume wawili wenye majina yaliyoandikwa kwenye daftari la kikundi cha wafugaji huku akiachwa nje yule anayekamua. Yeye ndiye anayejua robo ipi ya kiwele imepungua tangu juzi, ndiye anayepima kilichobaki na kukigawa kati ya uji wa mtoto na chupa ya mnunuzi, na akisema kwamba ng'ombe huyu hawezi ndama wa pili, neno lake lihesabiwe kuwa limemaliza shauri, na yatima atafutiwe kiwele kingine au ndoo.